Jino la Chenge

Alexander Chenge aliuza nyama Mkolani tangu akiwa kijana, kwa hiyo daktari wa Dar es Salaam alipovuta karatasi ili amchoree moyo, alimwambia asijisumbue. Moyo alikuwa anaujua. Alikuwa amepasua mioyo ya ng'ombe asubuhi baada ya asubuhi, akaosha damu iliyoganda ndani yake, akaitundika kwenye ndoano pembeni ya maini. Ile milango ya ndani alikuwa ameigusa kwa kidole chake: vipande vyembamba, vyeupe, laini kama ile ngozi inayobaki kwenye ganda la yai la kuchemsha. Daktari akacheka kidogo, akamwambia kwamba kwake yeye mmoja wa milango hiyo umekuwa mgumu kama soli ya kiatu. Kufunguka haufunguki vizuri, na kufunga haufungi.

Ilianzia utotoni, Misungwi, kwenye maumivu ya koo yaliyofuatwa na magoti kuvimba. Mama yake alimchua na samli, magoti yakapona, akarudi kuchunga. Moyo ukabaki na kovu lake, kimya kimya, mpaka siku moja akiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, amebeba paja la ng'ombe kutoka kwenye pikipiki, akajikuta amekaa chini mbele ya bucha lake mwenyewe, anavuta hewa isiyoingia.

Wakamfungua kifua, wakautoa ule mlango, wakamwekea wa chuma.

Alirudi Mwanza mvua za vuli zikiwa zimeanza, ana kovu jipya katikati ya kifua na maagizo mengi kichwani. Tuseme kichwani mwa mke wake, kwa maana Prudencia ndiye aliyesikiliza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mhaya wa Muleba, na kitu akishaambiwa hakimtoki. Dawa ya kuzuia damu isigande, kila jioni, maisha yote. Kipimo cha damu kila mwezi. Asinyanyue kitu kizito mpaka mfupa wa kifua uunge. Mchicha ale kama alivyozoea, asiuache ghafla wala asiufakamie ghafla, kwa sababu mboga za majani hugombana na ile dawa. Homa yoyote, hata ndogo, aende hospitali. Na meno ayatunze. Hilo la meno daktari alilisema akiwa ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, na hata Prudencia alilisikia nusu.

Majirani walikuja kumpa pole. Walileta sato, ndizi, maziwa, soda. Walikaa sebuleni wakimtazama kifuani kama vile wangeona kitu kupitia shati. Kila mmoja alikuwa na habari yake. Mzee Obedi, baba yake mdogo, alikuja kutoka Butimba na habari ya mtu aliyemfahamu, fundi rangi, aliyekuwa anatumia dawa hiyohiyo ya damu.

"Akang'olewa jino," alisema Mzee Obedi, akiweka kikombe chini. "Jino tu, mwanangu. Damu ikatoka, ikatoka. Wakajaza pamba, ikatoka. Kufika asubuhi, mtu hayupo tena duniani."

"Baba," Prudencia alimkatiza, "huyu mgonjwa bado anapumzika."

"Namwambia ili ajihadhari."

Chenge alijihadhari. Tangu siku ile alianza kujihadhari na kila kitu chenye ncha. Wembe aliuacha, ndevu zikaota. Kiti chake bucha alikisogeza mbali na gogo la kukatia, karibu na mlango, kwa sababu Yakobo, binamu yake aliyekuwa anamshikia kazi, alipopiga shoka kwenye mfupa vipande vidogo viliruka. Zamani vipande hivyo vilimpiga usoni siku nzima asivihisi. Sasa aliviona kila kimoja kikiruka.

"Kaka, ungeshika hata mzani tu," Yakobo alimwambia. "Wateja wanakuulizia."

"Kesho," alisema Chenge.

Na kulikuwa na ule mlio. Mlango wa chuma ulikuwa unagonga ukifunga, mlio mdogo mkavu, kama mtu anayegonganisha kucha mbili. Mtoto wao Winnie alipousikia mara ya kwanza aliweka sikio kifuani kwa baba yake akafurahi, akasema baba sasa hawezi kupotea, watamsikia hata gizani. Walicheka wote. Lakini Chenge hakuweza kuacha kuusikiliza. Alikuwa anakula huku anausikiliza. Mtu alikuwa akimsemesha, naye anaitikia huku masikio yameelekea ndani. Pale barabarani magari yalipozidi kelele akaukosa, aliinuka akaingia kwenye stoo ya nyuma, akafunga mlango, akasimama kati ya ndoo na magunia mpaka aupate tena. Alipoupata ndipo alipotoka. Yakobo alidhani anakwenda kusali.

Prudencia alimuuliza siku moja kama anaumwa mahali.

"Siumwi."

"Basi mbona uko hivyo?"

"Hivyo vipi, Mama Winnie?"

Chenge hakujua hofu yake aiseme vipi. Alikuwa haumwi popote. Alipanda ule mlima wa kwenda kwake bila kupumzika, jambo ambalo hakuliweza kwa miaka. Watu walimpongeza. Mtu unawezaje kuwaambia watu wanaokupongeza kwamba kila ukifumba macho unaona uzi walioshonea moyo umekatika na kile chuma kinaelea?

Kisha ikaja asubuhi ya mswaki. Alikuwa uani, ameinama, anapiga mswaki kama kila siku. Alipotema, povu lilikuwa la waridi.

Alitazama lile povu juu ya zege. Akatema tena, likawa jekundu zaidi. Alisikia mwili wote umekuwa baridi, kuanzia kisogoni kushuka mgongoni. Fundi rangi wa Mzee Obedi, mtu ambaye hajawahi kumwona, alimjia mbele ya macho akiwa na pamba mdomoni. Alimwaga maji, akasugua zege kwa mguu, akasukutua mara nyingi mpaka mate yakawa meupe. Alipoingia ndani Prudencia alikuwa anamfunga Winnie tai ya shule. Hakumwambia.

Kesho yake alisukutua kwa maji ya chumvi, mswaki akaurudisha kwenye kopo ukiwa mkavu. Hakukuwa na damu. Keshokutwa yake vilevile. Akaona amepata dawa. Kila asubuhi alilowesha mswaki kwa maji kidogo ili mkewe akiuona ajue umetumika, kisha akasukutua, akatema meupe, akashukuru Mungu.

Alikaa hivyo wiki nyingi. Chini kushoto, nyuma kabisa, alikuwa na jino lenye tundu tangu zamani, ambalo halikuwahi kumsumbua ila akila muwa. Lilianza kwa kuwasha. Likaja kugonga, nalo likagonga kwa mwendo uleule wa moyo, hata akawa hajui anasikia kipi. Fizi ikavimba. Alihamia upande wa kulia kula, nyama akaiacha, akasema daktari alimkataza.

Alikuwa anajua wanakong'oa meno. Alipita mbele ya mlango wao kila alipokwenda mjini. Lakini kila alipofikiria koleo lile aliona beseni, na beseni lilikuwa limejaa. Akanunua karafuu sokoni, akawa anatafuna moja na kuisukuma ndani ya tundu kwa ulimi. Ilimuunguza, halafu ganzi kidogo.

"Una harufu ya karafuu," Prudencia alimwambia jioni moja akimpa dawa yake na maji.

"Nimekunywa chai kwa Yakobo."

"Yakobo anaweka karafuu kwenye chai?"

"Siku hizi anaweka."

Prudencia alimtazama, na Chenge akameza kidonge harakaharaka akaondoka mezani. Hakuwa mtu wa kumdanganya mkewe. Alijisikia vibaya, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko kujisikia vibaya, na hilo nalo lilimtisha.

Mwezi wa pili, Dorotea, binti wa dada yake, aliolewa Sengerema. Haikuwezekana Chenge asiende; yeye ndiye mjomba. Walivuka asubuhi kwa kivuko, yeye na Prudencia, Winnie wakamwacha kwa jirani. Kanisani alisimama vizuri. Kwenye sherehe, walipomwita mbele kumkabidhi bwana harusi zawadi, aliona turubai linazunguka. Akakaa. Jua lilikuwa kali, watu wanajipepea kwa kadi, naye alikuwa anasikia baridi.

"Nipe kitenge chako," alimwambia mkewe.

"Kitenge? Kwa joto hili?" Prudencia alimwekea mkono shingoni, akauondoa kana kwamba amegusa sufuria ya moto. "Baba Winnie, unaungua."

"Ni jua."

"Homa yoyote, walisema. Inuka twende."

Hawakungoja keki. Shemeji mmoja aliwapeleka Kamanga kwa gari, wakakuta kivuko kinajaza. Wakakaa kwenye benchi la pembeni, karibu na magunia ya mihogo, na kivuko kikaondoka kuelekea mjini.

Katikati ya ziwa ndipo mtetemeko ulipomshika. Haukuwa kutetemeka kwa mtu mwenye baridi. Mwili wote ulimruka, meno yakagongana, mguu ukapiga sakafu ya chuma asiweze kuuzuia. Mama mmoja mwenye kuku kwenye kapu alisogea. Injini ilikuwa inaunguruma chini ya miguu yao, sakafu nzima inatikisika, na Chenge alielekeza masikio ndani kuutafuta ule mlio, asiupate. Akaweka kiganja kifuani. Kila kitu kilikuwa kinatetemeka. Hakujua lipi la injini na lipi lake. Pande zote yalikuwa maji, na mji bado ni mawe madogo ng'ambo.

"Siusikii," alisema.

"Nini?"

"Siusikii, Mama Winnie. Umesimama."

Prudencia hakuwa mwanamke wa kumshika mumewe mkono mbele za watu. Kwao Muleba hawakulelewa hivyo. Lakini pale, mbele ya abiria wote wa kivuko, alimfungua vifungo vya shati la harusi, akapiga magoti na gauni lake zuri, akabana sikio kwenye kovu, akaziba sikio la pili kwa kidole. Alikaa hivyo kwa muda ambao Chenge aliuona mrefu kuliko safari yote.

"Unagonga," alisema bila kuinua kichwa. "Unakwenda mbio, lakini unagonga. Tulia. Nitakuhesabia." Akaanza kumgonga gotini kwa kidole, kila mlio pigo moja, ili ajue. Akamgongea hivyo mpaka kivuko kilipogusa upande wa mjini. Katikati ya kuhesabu, bila kubadilisha sauti, alisema, "Sasa niambie habari ya karafuu."

Akamwambia, meno yakigongana. Prudencia hakumgombeza. Aliendelea kugonga, machozi yanamdondokea kwenye mkono.

Hospitali ya rufaa iko juu, na pikipiki ya magurudumu matatu ilipanda ikilalamika. Daktari wa zamu aliitwa Getruda, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alisikiliza kifua, akaangalia macho, kucha na viganja, kisha akamwambia afungue mdomo. Akawasha tochi.

"Mara ya mwisho kupiga mswaki ni lini?"

Chenge alitazama ukuta. Mtu mzima, mwenye bucha, mjomba aliyetoka kuitwa mbele harusini, alishindwa kujibu swali linaloulizwa watoto wa chekechea.

"Fizi zilitoa damu," alisema mwishowe. "Niliogopa."

"Ukaogopa damu ya mate." Dokta Getruda alizima tochi. "Sikiliza, baba. Fizi zikitoa damu unakuja, tunapima, tunarekebisha dawa, unarudi nyumbani. Jino bovu ndilo linalonitisha mimi. Wadudu wake wanaingia kwenye damu, wanakwenda kukaa pale kwenye chuma. Wakishajenga pale, kuwatoa ni kazi nyingine kabisa. Unanielewa?"

Alimwelewa. Ndilo lililomkata maini. Miezi yote hiyo alikuwa amelinda mlango dhidi ya visu, vipande vya mifupa na magunia mazito, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa amewalisha wadudu mdomoni.

Wakamtoa damu mikono yote miwili, wakamtundikia dripu. Wakampaka mafuta baridi kifuani, wakapitisha kipimo cha kuutazama moyo kwenye mashine, na kijana wa mashine alikaa sana mahali pamoja, akarudi, akakaa tena. Chenge alimtazama usoni, akajaribu kusoma. Kijana alisema atamwonyesha daktari. Hilo tu.

Kuhusu siku zilizofuata hakupenda kusimulia baadaye. Alilala kwenye kitanda cha dirishani, ambako ziwa lote lilionekana, na hakulitazama. Alikuwa anangoja majibu. Prudencia alikuja kila alipotoka shuleni, na chaki bado iko kwenye vidole, akiwa amebeba uji kwenye chupa. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa Chenge aliona wanamletea habari ya kufunguliwa kifua mara ya pili, na alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hataiweza. Alimwambia Prudencia habari za bucha, mzani uko wapi, nani anadaiwa ngozi. Prudencia alimwambia anyamaze anywe uji.

Majibu yalipokuja, Dokta Getruda alivuta kiti akakaa, na kukaa kwake kulimwogofya Chenge kuliko maneno.

"Wadudu wamepatikana kwenye damu," alisema. "Kwenye valvu yenyewe, ule mlango wako wa chuma, hatujawaona. Tumetazama mara mbili. Lakini siwezi kubahatisha na kifua cha mtu. Utakaa hapa, utachomwa sindano kwa wiki kadhaa. Na lile jino linatoka."

"Linatoka," Chenge alirudia. "Daktari, kuna mtu alikufa. Fundi rangi. Aling'olewa jino."

"Ulimjua?"

"Hapana. Niliambiwa."

"Alipimwa damu kwanza? Alimwambia mng'oaji kwamba anatumia dawa hii?"

Chenge hakujua. Hakuna aliyejua. Hata Mzee Obedi, Prudencia alipompigia simu na kumbana, alikiri kwamba alisikia habari hiyo kwa mtu aliyeisikia Geita.

Walipunguza dawa ya damu kidogo, wakapima, wakapima tena, na asubuhi moja wakamwita. Aliomba Prudencia aingie, wakakubali asimame mlangoni. Chenge alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Alisikia koleo likigusa mfupa, akasikia ule mvuto, akasikia kitu kikiachia, halafu joto la damu kwenye ulimi. Hiyo hapa, alijiambia. Ndiyo hii. Wakamwekea kitambaa kilicholoweshwa dawa, wakamwambia aume kwa nguvu asifungue.

Aliuma. Taya zilimuuma naye akauma. Pale mlangoni alimwona Prudencia midomo ikitembea kwa rozari isiyokuwepo mkononi. Walipofungua kutazama, damu bado ilikuwepo. Wakaweka kitambaa kingine. Chenge alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe hakuusikiliza moyo. Hakuwa na nafasi, hofu yote ilikuwa imehamia mdomoni. Walipofungua mara nyingine, mng'oaji aliinama, akatazama kwa muda.

"Imesimama," alisema, akatupa kitambaa kwenye ndoo.

Chenge alilia. Hakuona haya. Mng'oaji alidhani ganzi imeisha.

Sindano ziliendelea mpaka mikono ikawa haina mahali pa kuchoma. Homa haikurudi. Walipopima damu mara ya mwisho hapakuonekana mdudu, na kile kipimo cha mafuta baridi kilionyesha mlango safi, unafunguka na kufunga. Akaruhusiwa. Kabla hajatoka Dokta Getruda alimpa mswaki laini, wa kitoto, wa rangi ya njano, akamwambia asubuhi na jioni, na damu ikionekana asihesabu siku, aje.

"Na ukiogopa," aliongeza, "mwambie mtu. Huyu mama hapa si pambo."

Ningependa kusema kwamba hofu ilikwisha hapo. Haikwisha. Mpaka leo Chenge akienda kupima damu kila mwezi anageuza uso sindano ikiingia, na majibu yakichelewa jasho linamtoka. Kivuko hakipandi, kwenda Sengerema anazunguka Kigongo apite darajani. Ila kuficha ameacha. Prudencia ndiye aliyemlazimisha. Alimwambia angemsamehe yote, lakini karafuu hatamsamehe mara ya pili.

Mfupa wa kifua ulipokuwa umeunga vizuri alirudi kusimama bucha, kwanza kwenye mzani, baadaye na kisu kidogo. Juzijuzi alikuwa anamkatia mama mmoja wa Buswelu nusu kilo ya mbavu, kipande cha mfupa kikamchana kwenye kidole gumba. Jeraha halikuwa kubwa. Lakini damu ilikuja, ikatiririka hadi kwenye kiganja, na ile baridi ikashuka mgongoni kama siku ya povu. Aliacha kisu. Akabana kidole kwa kitambaa safi, akakaa, kwa mkono mwingine akapiga simu. Prudencia alipokea akiwa darasani. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba jedwali la kuzidisha la saba.

"Nimejikata," alisema Chenge. "Kidogo. Naogopa."

"Umebana?"

"Nimebana."

"Inua mkono juu. Juu kuliko moyo. Usifungue kutazama." Akawageukia watoto akawaambia waanze tena tangu mwanzo, polepole, akarudi kwenye simu. "Niko hapa. Sikati."

Mama wa Buswelu alitandaza mfuko wake kwenye benchi akakaa kungoja. Yakobo alisogea amalizie kukata zile mbavu, lakini mama yule alimwambia amwache, hana haraka, atamngoja Chenge mwenyewe.